Siku Kirikuu Yangu Ilipokuwa na Vituo Vingi Kuliko Treni

Waliokuwepo siku hiyo nawataja wote mapema, maana mkasa ukishavuka stendi ya Bweri kila mtu wa Musoma anakuwa shahidi. Nilikuwepo mimi, Nyangeta, mwenye aibu yangu. Alikuwepo mdogo wangu Bwire, aliyekuwa anataka kuoa. Tabitha, kitinda mimba wetu. Mjomba Masatu, kaka wa marehemu mama, ambaye ndiye alikuwa msemaji wetu. Na Bibi Wakuru wa Kiabakari, ambaye hakualikwa. Upande wa wakwe kule Bunda alikuwepo Mzee Manyonyi na mkewe, binti yao Neema, Katekista Gabrieli aliyekuwa msemaji wao, na majirani kama thelathini waliokuja kula. Na mbuzi wawili. Msicheke nikiwahesabu mbuzi pamoja na watu, kwa sababu hao mbuzi ndio walioniharibia siku, au ndio walioiokoa, mpaka leo sijapata jibu.

Aibu bado ninayo. Nikipeleka mzigo Bunda napita njia ya nyuma, na mtu akinisalimia kwa kucheka najiuliza anacheka salamu au anacheka mbuzi.

Yote yalianza kwa ubishi wa Bwire. Bwire anafanya kazi Dar, kazi ya mkataba, wamempa daftari na saa ya kubonyeza, anapanda na kushuka siku nzima akihesabu mtu anatumia dakika ngapi kutoka mlangoni kwake mpaka kazini, kwa gari na bila gari, kwa sababu kuna wakubwa wanataka kujua kama treni nyepesi za kupita katikati ya mji zitaweza kushindana na mtu mwenye gari lake. (Mimi niliacha shule darasa la saba, wazazi walipofariki mmoja nyuma ya mwingine, ili hawa wadogo zangu wasome, sikujua kwamba nawasomesha waje kulipwa kwa kuangalia saa.) Akija nyumbani Kigera hana stori nyingine. Treni, treni, treni.

"Dada," ananiambia, "watu wanafikiri gari lina mbio. Mbio siyo safari. Safari unahesabu kuanzia ulipofunga mlango mpaka ulipokaa kitako."

"Kitu kinachosimama kila kituo," nikamwambia, "hakiwezi kumpita mtu anayekwenda moja kwa moja. Hata mtoto wa chekechea anajua."

"Nani anakwenda moja kwa moja?"

"Mimi."

Alinicheka. Kicheko kile sikukipenda.

Sasa ili muelewe kwa nini nilikasirika, mjue kwamba mimi nina kirikuu, kigari kile kidogo cha mizigo chenye viti viwili mbele, ndicho kimelisha nyumba yetu kwa miaka sita. Nabeba dagaa, nabeba mihogo, nabeba simenti, nilishawahi kubeba jeneza na harusi katika wiki moja. Na mjue pia kwamba tulishachelewa kwa wakwe mara moja. Siku ya kujitambulisha tulipanda gari la abiria, likakaa stendi linajaza, kondakta anaapa kwa mama yake kwamba "tunaondoka sasa hivi" mpaka jua likawa utosini, na tulipofika Bunda Mzee Manyonyi alitupokea kwa maneno machache sana: "Leo nimewavumilia. Siku ya posa ni saa nne. Mkichelewa tena mtalikuta geti limefungwa, na halitafunguliwa mwaka huu." Tulikuwa tunajua vilevile kwamba kuna kijana wa Mwanza mwenye duka la vifaa vya umeme anabisha hodi kwenye nyumba ile ile. Kwa hiyo saa nne ile haikuwa saa ya kawaida. Ilikuwa ndiyo Neema au siyo Neema.

Bwire akasema safari hii tupande basi, kuna basi jipya linaondoka Bweri saa moja na nusu hata kama lina abiria mmoja. Lina ratiba, akasema, lipo kama treni tu, tofauti ni kwamba halina reli.

Mimi nikaanza kumtilia shaka. Basi linaloondoka tupu? Mara hii hii ya Mkoa wa Mara? Na kwa nini huyu kijana hataki kirikuu yangu? Nikamtazama alivyopiga pasi shati lake jeupe, nikatazama gari langu pale nje lilivyokaa na harufu yake ya dagaa, nikapata jibu nililolitaka: ananionea aibu. Anaona aibu dada yake afike ukweni na gari la dagaa. Hakusema hivyo, naapa hakusema, lakini mtu akishataka kukasirika hahitaji kuambiwa.

"Nyie pandeni basi lenu," nikasema. "Mimi na Mjomba na mizigo tunakwenda na gari. Tutawakuta njiani mmeharibikiwa."

Tabitha akasema, "Dada, Mjomba ndiye msemaji. Mizigo ndiyo posa. Sisi tukifika bila Mjomba na bila mizigo tunakuwa nani?"

"Mnakuwa waliochelewa," nikajibu.

Huo ndio uamuzi mdogo ulionimaliza.

Asubuhi saa moja kamili nikawasha gari. Nimeliosha kwa sabuni ya unga mara mbili, nimepakia blanketi la baba mkwe, vitenge vya mama mkwe, sukari na kreti nne za soda, nimefunga kilemba, nimejipaka mafuta. Kabla sijatoka getini jirani yangu akanisimamisha, anaomba nimshushie beseni lake la dagaa Bweri, ni njiani tu. Ni kweli ni njiani. Nikapakia. Nikaenda Iringo kumchukua Mjomba Masatu, ambaye tulikubaliana nimkute barabarani amesimama, nikamkuta kwa kinyozi amepakwa povu upande mmoja.

"Mjomba!"

"Mwanangu, msemaji hawezi kwenda na ndevu. Wataangalia mdomo."

Nikasubiri robo saa. (Kinyozi mwenyewe alikuwa anamweleza habari za mpira, na akieleza anasimamisha wembe.) Tulipofika Bweri basi la akina Bwire lilikuwa linatoka stendi, na kweli lilikuwa na watu kama saba tu, nikashtuka kidogo. Nikashusha beseni mbio mbio, nikakanyaga mafuta, na baada ya kilomita chache nikawakuta na kuwapita. Nilipiga honi ndefu. Nikamwona Bwire dirishani ameshika daftari lake, nikampungia mkono kama kiongozi wa nchi.

Ningekufa pale pale ningekufa mshindi.

Sasa sikilizeni. Kitu ambacho sikukifikiria ni kwamba gari langu linajulikana. Miaka sita barabara ile, kila mtu anajua kirikuu ya Nyangeta inasimamaga ukiinua mkono. Basi likikupita unasema limejaa. Mimi nikikupita unasema Nyangeta siku hizi anajisikia, na kesho mzigo wako unampa mwingine. Kwa hiyo mkono wa kwanza ulipoinuka, mguu wangu wenyewe ukakanyaga breki kabla sijauambia. Alikuwa fundi seremala na fremu ya mlango, anakwenda Makutano. Mkono wa pili ulikuwa wa mama mmoja na gunia la mihogo, naye Makutano. Mjomba naye akawa ananiambia simama, kwa sababu ameona rafiki yake wa zamani amekaa kibarazani, na mtu wa umri wake hawezi kumpita mwenzake kwa kupiga honi kama anafukuza kuku. Wakasalimiana. Wakaulizana ng'ombe, wakaulizana watoto, wakaulizana waliokufa.

Tukiwa tumesimama hapo basi la Bwire likatupita. Halikupiga honi, likapita zake tu kwa adabu, na hiyo ndiyo iliniuma zaidi.

Makutano nikashusha mlango, nikashusha mihogo, nikasema sasa moja kwa moja Bunda. Mjomba akakohoa. Nakijua kikohozi chake.

"Tupinde Butiama mara moja," akasema.

"Kufanya nini?"

"Jembe la posa liko kwa mama yako mkubwa Nyanjiga. Jembe aliloposewa mama yako. Huwezi kumwozesha mtoto wa marehemu bila jembe."

"Mbona hukusema jana?"

"Jana hukuuliza."

Nilimtazama. Nilimshuku tangu hapo. Lakini nifanyeje? Mimi ni mtoto wa kike, baba hayupo, mama hayupo, nikienda mbele ya wazee wa Bunda bila mdomo wa Mjomba mimi ni dereva tu. Na akisema kuna jembe, nani atabisha kwamba hakuna? Nikapinda. Kutoka Butiama kuna njia ya kutokea Kiabakari na kurudi barabara kuu, nikajiambia hatupotezi kitu, dakika kumi tunachukua jembe, tunaondoka.

Tulipofika Mama Mkubwa Nyanjiga alikuwa ameshachinja kuku. Nasema ameshachinja, manyoya yako uani na maji yanachemka. Mtu gani anachinja kuku kwa wageni waliokuja kuchukua jembe? Nikamgeukia Mjomba, Mjomba akawa anatazama mawingu.

"Mama Mkubwa, tumefuata jembe tu," nikasema.

"Jembe gani tena?"

"La mama. La posa."

"Hee! Lile si liliisha zamani, lilibaki kama kijiko. Kaeni mle."

Nikasema tuna haraka. Akaniambia neno moja ambalo watu wa kwetu mnalijua: mtu hapiti kwenye nyumba ya mamaye siku ya posa bila kumeza tonge, akipita bila kula ndoa inakwenda na njaa. Nikakaa. Kuku hakuiva haraka. Alikuwa jogoo wa siku nyingi, alikuwa na misuli kama mvuvi. Simu ikaanza kuita, ni Tabitha, ananong'ona.

"Dada mko wapi? Sisi tumefika tangu saa tatu kasoro. Wametupa viti. Wametupa chai. Chai imeisha."

"Tuko hapa karibu," nikasema, na paja la jogoo liko mkononi.

"Karibu wapi?"

"Hapa tu, tunaingia."

Jamani, "tunaingia". Nilisema hivyo niko Butiama. Mjomba akatikisa kichwa kunisikitikia, akaongeza ugali.

Tulitoka Butiama saa nne, ile saa nne yenyewe. Tulipofika Kiabakari na kuiona barabara kuu nikasema hata wakinyoosha mikono malaika sisimami, na hapo hapo ukanyooka mkono wa Bibi Wakuru.

Mkono wa Bibi Wakuru siupiti. Mama yetu alipozikwa, ndugu wengi walikuja wakatazama nyumba, wakatazama shamba, wakatutazama sisi kama tunavyotazama mzigo usio na mwenyewe. Bibi Wakuru, ambaye hatuna hata undugu naye, alikuja kwa miguu na kikapu cha unga kichwani, na akaja tena mwezi uliofuata, na uliofuata, hakuwahi kusema lolote juu yake. Sasa huyo ndiye amesimama barabarani na kamba mbili mkononi, na kwenye kila kamba kuna mbuzi jike.

"Nyangeta mwanangu, Mungu amekuleta. Nawapelekaga mnadani Bunda kwa mguu, leo goti limekataa."

"Bibi, leo nina haraka kidogo, nawahi ukweni kwa Mzee Manyonyi."

"Manyonyi namjua, mnada uko mbele ya kwake. Shusha wageni wako kwanza, mimi mnada wangu mpaka saa tisa."

Mbuzi mmoja akakubali kupanda. Wa pili alikuwa mweupe mwenye bega jeusi, akakataa, akakata kamba, akaingia kwenye shamba la mtu. Nilimkimbiza na kile kilemba changu, na viatu vya kuchuchumia, mpaka kilemba kikabaki kwenye mihogo. Mjomba alikuwa anaelekeza tu akiwa garini. "Kushoto! Kushoto kwako, siyo kwake!" Tukamshika, tukamfunga kwa mojawapo ya vile vitenge vya mama mkwe kwa sababu kamba imekatika (kumbukeni hilo la kitenge, ndilo lililonifunga na mimi), Bibi akapanda nyuma pamoja nao, tukaondoka.

Bunda mjini Bibi akagonga paa. Anataka ugoro. Akashuka stendi. "Nenda, nakuja kwa mguu, siyo mbali." Nikashukuru Mungu, nikaenda.

Tulifika getini kwa Mzee Manyonyi saa sita na robo. Geti limefungwa kweli. Ndani kuna turubai, watu wamejaa, wameacha kuongea waliposikia gari. Kupitia kwenye matundu ya geti nilimwona Bwire amekaa peke yake kwenye kiti cha plastiki, lile shati jeupe limelowa mgongoni, anatazama chini kama mtu anayesubiri kusomewa hukumu. Nilisahau treni, nilisahau basi. Nilimwona alivyokuwa ana miaka saba akinisubiri mlangoni nirudi na unga.

Katekista Gabrieli akaja getini. Hakufungua.

"Tulisema saa ngapi?"

Mjomba akasafisha koo. "Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina. Saa ngapi?"

"Ndugu yangu, barabara..."

"Vijana wenu wamekuja kwa barabara hiyo hiyo. Wamefika kabla hatujafagia." Akageuka kuwatazama wenzake. "Mzee anasema mrudi salama. Soda zenu msishushe."

Nikaona Neema amesimama mlangoni mwa nyumba, mkono mdomoni. Nikaona Bwire amesimama. Na hapo hapo, nyuma ya kirikuu yangu, mbuzi mweupe mwenye bega jeusi akalia: "Meeee!"

Mama Neema akanyoosha shingo juu ya ukuta. Akaona mbuzi mmoja, akaona wa pili, na yule wa pili amevikwa kitenge kipya kifuani kama biharusi.

"Wameleta mbuzi!" akapiga kelele. "Mbuzi wawili! Na mmoja wamemvika!"

Vigelegele vikalipuka. Sijui geti alilifungua nani. Akina mama wakatoka wakicheza, vijana wakaruka nyuma ya gari, mbuzi wakashuka mabegani kwa watu, nikafungua mdomo kusema hapana, hawa siyo, na Mjomba Masatu akanikanyaga kidole cha mguu kwa kisigino chake chote.

"Mjomba, mbuzi wa Bibi Wakuru hao!"

"Nyamaza. Tazama mdogo wako."

Nilimtazama. Bwire alikuwa anacheka na machozi yanamtoka. Hakuelewa mbuzi wametoka wapi, lakini aliona geti limefunguka. Nami nikanyamaza. Hilo nalikiri mbele yenu, hakuna aliyenifunga mdomo, niliufunga mwenyewe.

Na Mjomba, Mungu amsamehe, alipokaa kwenye mkeka alipewa nafasi ya kueleza kwa nini tumechelewa, akasema kwa sauti nzito: "Wakwe zetu, sisi hatukuchelewa. Kijana mtupu hupanda basi akawahi. Mwenye kuleta kitu hutembea kwa mwendo wa hicho kitu. Mbuzi hafukuzwi." Wazee wakagonga fimbo chini. Mzee Manyonyi mwenyewe akatikisa kichwa kukubali. Nilikuwa natazama wanamchinja mbuzi wa kwanza, nahisi kisu kinapita kwangu.

Nilipanga hivi: Bibi akifika nitamwahi getini, nitamweleza pembeni, nitapiga magoti. Nikakaa nalinda geti. Wakwe wakaona mimi sitaki kukaa na wenzangu, Mama Neema akanishika mkono akaniingiza jikoni, akasema mkwe hasimami nje kama mlinzi. Nikapewa sahani za kupanga. Nilipotoka na sahani nikakuta Bibi Wakuru ameshaingia, amesalimia, amekaribishwa kwa heshima yote ya umri wake, amekaa kwenye kigoda katikati ya watu. Na mbele yake wamemwekea maini ya kuchoma, yale ya mbele kabisa, ya wakubwa.

Anakula. Anasifu.

"Mbuzi huyu amelelewa," akasema. "Amekula majani mazuri. Hana harufu. Ni wa wapi?"

"Ni wa wageni wetu wa Musoma," Katekista akajibu.

"Hongereni. Siku hizi watu wanaleta mbuzi wa mifupa." Akalamba vidole, akaniona. "Nyangeta! Mbuzi zangu umezifunga wapi?"

Sahani ziliniponyoka. Siyo zote, tatu tu, lakini zilitosha. Bibi akageuza kichwa polepole, akamwona yule mweupe amefungwa kwenye nguzo ya turubai na kitenge chake, akatazama sahani iliyo mbele yake, akatazama tena nguzo.

"Yule wa pili yuko wapi?"

Mtu mmoja nyuma kabisa akasema taratibu, "Umemmaliza, Bibi."

Nilipiga magoti pale pale, kwenye vigae vya sahani, mbele ya watu thelathini na wakwe na mdogo wangu, nikasema yote. Dagaa, kinyozi, jembe lisilokuwepo, jogoo, "tunaingia", kamba, kitenge. Nilisema nilinyamaza kwa kutaka, siyo kwa kukosea. Mjomba alikuwa ameinama anafunga kamba za viatu, na viatu vyake havina kamba.

Mzee Manyonyi akasema, bila kucheka: "Nimeona wakwe waongo wengi. Hawa angalau wanashikwa haraka."

Watu wakaanguka kwa kicheko. Mimi sikucheka, nilikuwa natazama kama yeye atacheka. Hakucheka. Akaendelea: "Binti yangu anakwenda. Faini ya kuchelewa iko palepale, mtaambiwa. Lakini mbuzi aliyepigiwa vigelegele ndani ya ua huu hatoki. Hilo mzungumze na mwenyewe."

Bibi Wakuru alikuwa bado anatafuna. Alimeza kwanza.

"Hao nyie sijawapa," akawaambia. "Nampa Nyangeta, nyie mnakula vya Nyangeta. Yeye atanirudishia. Na huyo mliyemvika nguo," akaelekeza kidole, "ana mimba."

Jioni Bwire alirudi nami kwenye kirikuu, Mjomba tukampandisha basi. Akatoa lile daftari. Basi, kutoka mlangoni Kigera mpaka kitini kwa wakwe, boda boda pamoja na kungoja stendi: saa mbili na dakika kumi, limesimama mara nne. Mimi: saa tano na robo, nimesimama mara kumi.

"Tisa," nikasema.

"Na kwa rafiki wa Mjomba."

Nikahesabu upya, kweli zikawa kumi. Akasema kule Dar wanabishana treni iwe na mbio kiasi gani ndipo imshinde mwenye gari, na yeye leo ameona kwamba haihitaji mbio nyingi, inahitaji tu isiwe na mama mkubwa njiani. Kwenye karatasi zao kuna mahali pa kujaza sababu za gari kuchelewa: foleni, mvua, ajali, mengineyo. Kanionyesha. Kwenye mengineyo alikuwa ameandika "kuheshimiana", akaweka alama ya kuuliza.

"Na hiyo treni yako," nikamuuliza, "ingefungua geti?"

Akafunga daftari. Mpaka leo namshuku kwamba alijua tangu mwanzo nitachelewa, akaniacha niende ili apate cha kuandika. Namshuku na dereva wa basi. Mjomba simshuku tena, huyo nina uhakika.

Nimejifunza. Siku ya mtu kuoa sibebi hata sindano ya jirani, na nikitakiwa mahali saa nne nitapanda kile chenye ratiba, kiwe basi, na ikija reli Musoma nitapanda reli, nikae dirishani niwaangalie walioinua mikono huku siendeshi mimi. Gari langu ni la kazi. Halijui kuwahi.

Bibi Wakuru nilimpelekea mbuzi wa kwanza baada ya mavuno. Alimfungua mdomo, akamhesabu meno, akamkubali bila kusema asante, na hakupaswa kuisema. Yule mwenye mimba alizaa Bunda watoto wawili, jike na dume, na Bibi amesema hao nao ni wake kwa sababu waliondoka Kiabakari wakiwa ndani. Kwa hiyo nadaiwa watatu. Nilikuwa nimeshaanza kuzungumza na mtu wa Makutano anitafutie. Halafu juzi Neema alikwenda kuwasalimia kwao, akanipigia simu akaniambia kwamba yule mtoto jike amekua, na tumbo limeanza kuvimba. Nimemwomba asimwambie mtu.